Nyota Haiangushwi na Baridi

Goma, 3 Agosti 2025

Papa Joviale,

Barua hii niliianza jana. Imelala usiku mumoja kwenye meza, kama Papa Grégoire alivyotuamuru, na leo asubuhi nimeisoma tena nikakuta haina tusi. Basi inaweza kusafiri. Mama Masika ataibeba pamoja na vitenge vyake: anapita Bunagana, anazunguka Uganda, anaingia tena kwa mulango wa Kasindi, njo anafika kwenu Butembo. Barabara ya Kanyabayonga vita imeikata, kwa hiyo hata maneno ya bibi na bwana yanapita katika nchi ya watu.

Ninajua bado unakasirika juu ya vile nilikubloke kwa simu. Sikufungui. Mutu anayepiga simu wakati niko darasani, halafu tena, halafu tena, halafu anauliza "uko na nani?" kwa sauti inayosikika hadi dirishani, wanafunzi wangu wakiziba midomo wasicheke, huyo hafai simu. Papa Grégoire na Mama Ernestine ni parrain na marraine wetu, wao walitusimamia ndoa, na wamekata maneno: simu hapana, barua tu, na kila barua ilale usiku mumoja kabla ya kutumwa. Ulikubali. Mama Ernestine alikusikia kwa masikio yake.

Sasa habari. Paroko ameniomba nitoe konferansi kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, Siku ya Mungu, Jumapili tarehe 28 Septemba. Vijana wameona video juu ya mashimo meusi ya mbinguni, na sasa wanaogopa eti moja litakuja kumeza dunia. Paroko akauliza, "Mwalimu wa fizike hapa ni nani?" Watu wote wakageuka wakanitazama. Mimi, bwana yangu Florent! Wewe unanijua. Kule darasa letu la mate-fizike, la hesabu na fizike, nilikuwa ninakaa mbele na kutetemeka, na wewe ulikuwa nyuma kabisa, karibu na dirisha, unasinzia. Halafu ghafla kidole juu: "Mwalimu, kuna fote ubaoni." Na kweli kulikuwa na fote, kosa kabisa. Hata siku moja haukuacha fote ipite.

Nitaeleza namna nyota ya nyutroni inavyoanguka na kuwa shimo jeusi. Kila magaribi ninapanda kwenye terasi ya shule, juu ya paa, kujifunza anga. Stima inakosa, muji uko giza, na nyota zinaonekana vizuri kweli kweli. Olivier, mwalimu mupya wa jeografia, yuko na jumeli, ile darubini ya macho mawili, na ufunguo wa terasi, basi ananisaidia.

Watoto wazima. Joviale amepoteza jino lingine.

Bibi yako,
Clotilde


Butembo, 15 Agosti 2025

Mama Joviale,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara macho yangu yanasimama pahali pamoja. Si kwenye nyutroni. Kwenye Olivier. Olivier yuko na jumeli. Olivier yuko na ufunguo. Olivier anasaidia. Huyu Olivier hana bibi? Hana kwao? Umeandika jina lake haraka haraka pale chini, katikati ya stima na jino la mutoto. Mimi ni mufanyabiashara, Clotilde. Ninajua namna watu wanavyopitisha mali ya magendo: hawaifichi chini, wanaiweka katikati ya mali nyingine.

Tena usifikiri kwa sababu niko mbali sipati habari. Kamate, mutoto wa baba mukubwa, alikuwa Goma, akapita mbele ya shule yenu, akawaona. Wawili, juu ya terasi, vichwa karibu, mumoja anashika jumeli, mwingine ananyoosha kidole. Kamate hana ulimi mubaya, alisema tu alichoona. Nikamuuliza, walikuwa wanacheka? Akasema, ndiyo, bibi yako alicheka. Alicheka nini? Nyota inachekesha nini?

Na usinifanye mujinga, mimi pia nilisoma fizike. Nyota ya nyutroni haionekani kwa jumeli. Haionekani! Ni kadogo mno, na iko mbali. Hata upande juu ya mulima Nyiragongo hautaiona. Sasa niambie: mwanamuke anapanda juu kila magaribi, pamoja na mwanaume ambaye si wake, kuangalia kitu kisichoonekana. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?

Niko hapa juu yenu, ili wewe na watoto mule. Ninalala kwenye depo, juu ya mifuko ya maharagi, ninaamka nikinuka panya. Na bibi yangu yuko juu anapunga hewa na ufunguo wa mutu.

Acha hiyo konferansi. Mwambie Paroko unaumwa. Kama hautaki, nitaita wazee wa upande wangu na wa upande wako, waketi, na kila mutu arudi kwao. Sitanii. Na kama ni kweli kuna kitu unaandika, nitumie hayo maandishi nione kwa macho yangu munafanya nini kule.

Barua hii imelala usiku mumoja. Mimi sikulala.

Bwana yako,
Florent


Goma, 25 Agosti 2025

Florent,

Leo sikuiti Papa Joviale.

Eti wazee waketi! Waite. Lakini uwaambie na sababu: "Bibi yangu anafundisha." Ninataka nione uso wa muzee Balagizi, baba yangu mudogo, akisikia hayo. Alimukataa ng'ombe wako wa kwanza juu alikuwa anachechemea, lakini wewe akakukubali, akasema, "Huyu kijana anajua hesabu, ng'ombe atabadilisha." Ukabadilisha ng'ombe. Sasa ubadilishe na akili.

Haya, Olivier. Yuko na bibi. Bibi huyo yuko Bukavu, mimba yake kubwa, na kila jioni kabla hatujashuka Olivier anatazama upande wa ziwa, kule bibi yake aliko. Nilicheka siku ile kwa sababu nilimuonyesha Nge, zile nyota zinazopinda mukia kule juu, na akaniuliza kwa uso mukavu kabisa nimuonyeshe kichwa kiko wapi, maana yeye mukia anauona kwenye kila nyota anayotazama. Ni mutu wa ramani. Mbinguni anapotea kabla yangu.

Na si nyota yenyewe tunatazama, ni pahali pake. Katika Nge kuna nyota moja ya nyutroni iliyo jirani na nyota nyingine, na inamunyonya mwenzake. Macho hayaioni, lakini wenye vyombo vikubwa wanajua iko pale. Nilitaka siku ya konferansi nitoke na vijana uwanjani, ninyooshe kidole, niwaambie: pale. Sikutaka kunyoosha kidole ovyo. Zamani wewe ungeelewa hilo bila kuambiwa.

Lakini hata kama ningekuwa ninapanda na sista, ungetafuta kingine. Mwaka jana ilikuwa mutu wa duka la dawa. Kabla yake mwalimu wa kwaya, masikini, na miaka yake yote ile. Kila mwanaume anayenisalimia unakuja kumuweka juu ya mabega yangu. Nimechoka kubeba wanaume nisiowajua.

Siachi konferansi. Umesikia? Siachi. Umeomba maandishi, basi ninakutumia yote, nimeyaandika upya kwa mukono wangu. Ile sehemu ya mwisho, ya kuanguka, ilinisumbua sana. Nimesema hivi: "Nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka. Uzito wake unapita ule wa jua letu, na bado ni mupira tu, upana wake kama kutoka hapa Goma hadi Sake. Inasimama kwa sababu ndani yake bado kuna moto. Pole pole moto unapoa, na siku unapozimika kabisa nyota inakosa cha kuishikilia, inaanguka ndani yake yenyewe, na kuwa shimo jeusi ambalo hata mwanga hautoki."

Olivier ameipenda. Lakini ninataka kusikia neno lako.

Clotilde


Butembo, 5 Septemba 2025

Mama Joviale mupendwa,

Nimesoma yote. Ni nzuri sana. Hakuna cha kubadilisha. Endelea tu, na Mungu akusaidie tarehe 28. Wazee sitawaita.

Masika atakupa maharagi kidogo ya kwetu.

Bwana yako anayekupenda,
Florent


Butembo, 7 Septemba 2025

Papa Grégoire,

Ninakusalimia pamoja na Mama Ernestine.

Ulisema kama moyo unanibana nikuandikie wewe kabla ya kufanya ujinga. Ujinga nimekwisha kuufanya, lakini ninakuandikia hata hivyo. Barua hii inakuja na kijana wa Masika atakayemufuata njiani.

Clotilde alinitumia maandishi ya konferansi. Ndani kuna fote. Si fote ya pembeni, iko katikati kabisa, pale kila kitu kinategemea. Amesema nyota ya nyutroni inaanguka wakati moto wake unazimika. Papa, hiyo ni habari ya nyota kubwa ya kwanza, ile iliyo hai. Ile ndiyo inasimama kwa moto, na moto ukikwisha inaanguka na kulipuka. Nyota ya nyutroni ni kile kinachobaki baada ya hapo. Moto wake ulikwisha zamani. Inaweza kupoa hadi iwe baridi kama jiwe la mutoni, na haianguki. Amechanganya mama na mutoto.

Sale itajaa waseminari na wanafunzi wa univasite. Mumoja atainuka, atasema, "Samahani, mwalimu," na Clotilde ataaibika mbele ya watu wote, na yule Olivier pembeni na jumeli zake, maana yeye hakuona kitu. "Ameipenda"! Mimi niliona mara moja, nimesimama, hata sijaweka mufuko chini.

Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilifurahi, Papa. Nikaandika "ni nzuri sana." Nilitaka ashuke kwenye ile terasi kwa aibu yake mwenyewe, bila mukono wangu kuonekana.

Usimwambie. Nilitaka tu mutu mumoja ajue ya kwamba ni mimi niliyeona.

Florent


Goma, 16 Septemba 2025

Mwanangu Florent,

Mimi sijui nyota. Nilikuwa karani hadi nilipopata pensheni, na hata mwezi ninautazama tu nikitoka inje kwa haja.

Lakini nimeelewa hivi: umemuona bibi yako anatembea kuelekea kwenye shimo, ukamwambia, endelea mama, njia ni nzuri. Halafu ukaniandikia mimi nikusifu juu ya macho yako makali. Haya, nimekusifu. Uko na macho. Sasa niambie uko na nini kingine.

Sitamwambia. Fote si yangu, na hata sijaelewa mama ni yupi na mutoto ni yupi. Utamwambia wewe, tena upesi. Na usinidanganye eti ni Olivier. Nimemuona huyo Olivier. Viatu vimepasuka, anawaza bibi yake tu, ukimupa chai anasahau kuinywa. Mutu hafurahii aibu ya bibi yake kwa sababu ya mutu kama yule. Kuna kitu kingine kinakukula. Kitafute.

Grégoire

Mimi Ernestine nimemunyanganya kalamu. Florent, robe ya harusi ya Clotilde niliishona mimi, hadi vidole vikatoka damu. Sikuishona juu ya upumbavu huu. Andika, ao ulete sura yako hapa tuione.


Goma, 17 Septemba 2025

Florent,

"Ni nzuri sana. Hakuna cha kubadilisha." Niligeuza karatasi nione kama kuna kitu nyuma. Hakuna.

Wewe ulikuwa unasahihisha mahubiri ya padri tukitoka misa. Ulisahihisha kadi zetu za ndoa wakati zilikwisha kuchapwa. Leo ninakutumia kurasa na kurasa juu ya nyota, na haukuona hata koma ya kugombana nayo? Basi haukusoma, ao umeacha kunihesabu kuwa mutu. Sijui ni lipi linauma zaidi. Ile barua yako ya matusi ilikuwa na uzima kuliko hii sifa.

Najua siku zimebaki chache, na najua nitasimama pale peke yangu. Ni sawa.

C.


Bunagana, 26 Septemba 2025

Clotilde,

Niko hapa mupakani, bado upande wa Uganda. Kamyo yetu iko kwenye mustari wa dwane, declarant, yule anayetufanyia karatasi za forodha, amepotea nazo zote, kitambulisho changu ndani, na mvua inanyesha. Depo nimemuachia Kamate. Masika karatasi zake ziko mukononi, anavuka sasa hivi, atashika pikipiki na kufika kwako kesho. Mimi sijui nitafika lini. Nimepigia Papa Grégoire akwambie, amenikatia simu, akasema yeye si kipaza sauti changu. Na wewe umenifunga. Basi barua hii haitalala. Anisamehe.

Kuna fote.

Usiseme inaanguka juu ya moto kuzimika. Moto ulikwisha zamani, pale nyota kubwa ilipolipuka. Kinachoishikilia ni nyutroni zenyewe. Zimebanwa hadi hakuna nafasi, na zinakataa kubanwa zaidi. Waambie wafikirie gunia la makala, makaa ya kupikia, namna mama wa Rutshuru analishindilia kwa miguu hadi halipokei hata kipande. Gunia halihitaji moto ili likatae. Hivyo hivyo nyota: ipoe itakavyo, miaka yote ya Mungu, itasimama. Baridi haiiangushi.

Inaangushwa na kuongezewa uzito. Kama ile yako ya Nge, inayomunyonya mwenzake kidogo kidogo. Kuna kipimo: kama mara mbili ya uzito wa jua letu, na zaidi kidogo. Wataalamu wanabishana bado juu ya hiyo "kidogo", na uwaambie hivyo, usijifanye unajua. Ikivuka kipimo, nyutroni haziwezi tena kukataa. Na sikia hii, Clotilde, hii njo iliniumiza nilipoikumbuka njiani: pale ndani, hata ile nguvu ya kukataa inageuka kuwa uzito. Kadiri nyota inavyojikaza isianguke, njo inavyojilemea. Halafu inakwenda yote kwa mara moja, kabla haujamaliza kusema "Yezu".

Na kuna zingine, pale nyota mbili za nyutroni zinapogongana na kuwa moja. Inaweza kuzaliwa imekwisha kuvuka kipimo, lakini inazunguka mbio sana, na mbio hiyo inaishikilia kwa muda. Mbio ikipungua, inaanguka. Uwaambie na hiyo. Vijana wanapenda mambo ya mbio.

Sasa lingine. Fote niliiona siku ile ile. Niliiona nikanyamaza, nikakuandikia "ni nzuri sana", juu nilitaka wakucheke. Ndiyo, umesoma vizuri. Nilitaka.

Papa Grégoire aliniambia nitafute kitu kinachonikula. Nimekitafuta toka Butembo hadi hapa. Si Olivier. Olivier nitamununulia viatu. Ni wewe, Clotilde. Ninakuonea wivu wewe. Mimi nilikuwa nyuma karibu na dirisha, ninajua yote, na wewe mbele unatetemeka, na leo wewe uko kwenye terasi na mimi niko kwenye maharagi. Baba alipokufa niliacha masomo nikashika barabara ya biashara, na mimi mwenyewe njo nilikuambia wewe uendelee na masomo, na niliposema nilimaanisha. Lakini kila mara unaposema "wanafunzi wangu" ninasikia kama jino bovu limeguswa. Halafu ninatafuta mwanaume wa kumugombeza. Mwanaume mwingine ni rahisi kumuchukia. Bibi yako mwenyewe unamuchukia namna gani? Ninakupenda hata nikiwa ninakuchukia, njo shida yangu.

Hayo ya juu, ya gunia, yaseme siku ile kama yanakufaa. Ni yako.

Florent


Goma, 28 Septemba 2025

Papa Joviale,

Hii nayo haitalala. Masika amesimama mulangoni anapiga miguu chini, anasema kesho asubuhi na mapema anarudi Bunagana na hatanisubiri nioshe macho.

Barua yako ilifika jana magaribi, imelowa. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa. Nilikulaani kwa sauti hadi Joviale akaja kuuliza ni nani amekufa. Nilikulaani kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kishi, lugha ya kwetu. Alitaka wanicheke! Baba wa watoto wangu!

Halafu nikasoma tena ile ya gunia la makala. Nikaisoma mara ya pili na ya tatu. Florent, ninafundisha fizike miaka yote hii, na sijawahi kuandika kitu kama kile. Wewe umekiandika kwenye mvua, juu ya goti, bila kitabu, na watu wa dwane wakipiga kelele kwenye masikio yako. Nikaona wivu. Ninakuambia kama ilivyo.

Leo sale ilijaa, wengine walisimama kwenye madirisha. Nilikuwa nimepanga kusema: "Sehemu hii imeandikwa na bwana yangu, Florent, yuko Bunagana na kamyo." Nilikuwa na hayo maneno tayari kinywani. Lakini nilipofika pale, nikaona watu walivyonyoosha shingo kunisikiliza. Wamama wanaouza makala walikaa mbele, wakaanza kuitikia kwa vichwa nilipotaja gunia, kama mutu anasema habari za kwao. Waseminari wakainamia madaftari yao. Nikameza jina lako. Nikaendelea. Niliposema ya kwamba hata nguvu ya kukataa inageuka kuwa uzito, muzee mumoja akatoa "Eh!" ya sauti, sale yote ikamusikia. Wakapiga makofi hadi Paroko akainua mikono. Hakuna mutu aliyesema "samahani, mwalimu." Na inje, Olivier akaniuliza, "Hii ya gunia umeitoa wapi?" Nikamujibu, "Kichwani mwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Wivu wako ulinyamaza kule Butembo, wangu ulisema kwenye mikro. Uliandika "ni yako", na nilijificha nyuma ya neno hilo, lakini wewe na mimi tunajua.

Kwa hiyo mimi sina mudomo wa kukuhukumu, na wewe hauna wa kunihukumu, na wazee waache wanywe kasiksi yao ya ndizi kwa amani. Nikuambie tena kitu kimoja. Pale uliposema unanionea wivu mimi, nilikasirika, lakini si sana. Miaka hii yote nilidhani unatazama wanaume walio nyuma yangu. Kumbe ulikuwa unanitazama mimi.

Paroko anataka nirudilie Siku ya Mungu inayokuja, kwa wale waliokosa pahali. Simu bado nimekufunga, achana na simu. Mutafute huyo declarant, umukamate koo kama ni lazima, utoke hapo. Ukifika Goma usipite nyumbani kuoga. Ingia moja kwa moja kwenye sale, ukae nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nitaandika ile fote ubaoni kama ilivyokuwa: moto umezimika, nyota imeanguka. Nitaiandika kwa herufi kubwa. Halafu nitageuka nitazame watu, na nitasubiri.

Ukinyamaza mara hii, njo tutaachana.

Clotilde